Uhaba wa Injini na Vipuri vya Ndege Duniani na Maana Yake kwa Wananchi wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Na Mwandishi Wetu, Lindi

Katika miaka ya karibuni wananchi wengi wamejiuliza swali moja: inakuwaje ndege iliyonunuliwa, ikalipiwa na kupokewa kwa shangwe, ikae uwanjani miezi kadhaa bila kuruka? Swali hilo linawahusu pia wakazi wa Kilwa, Lindi na Mtwara, ambao safari yao ya anga hutegemea idadi ndogo ya ndege zinazohudumia vituo vya ndani. Ndege mbili au tatu zinapokosa injini, ratiba ya nchi nzima hupangwa upya, na vituo vyenye safari chache kwa wiki ndivyo huumia mapema.

Makala haya yanaeleza hali ya soko la ndege za biashara duniani, sababu za uhaba wa injini na vipuri, namna hali hiyo ilivyoifikia Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL), na mambo ambayo mwananchi wa pwani ya kusini anapaswa kuyafahamu.

Pwani inayohitaji njia zaidi ya moja

Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi Mjini ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Njia hiyo hupita Kibiti, huvuka Mto Rufiji, huingia Wilaya ya Kilwa kupitia Somanga na Nangurukuru, kisha huelekea Lindi na Mtwara. Kwa sehemu kubwa ya pwani hii, hiyo ndiyo njia kuu ya abiria, chakula, dawa, saruji, mafuta na mazao.

Mapema mwezi Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliharibu barabara hiyo katika eneo la Somanga na maeneo jirani wilayani Kilwa. Mawasiliano kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara yalikatika. Magari yalikwama pande zote mbili hadi kazi ya kurejesha mawasiliano ilipokamilika. Siku hizo zilionesha kuwa usafiri wa anga katika pwani hii ni njia ya dharura pia: mgonjwa wa rufaa, mtumishi, mfanyabiashara na mtafiti wote huigeukia barabara inapokatika.

Miundombinu ya anga ipo katika ngazi mbalimbali. Kiwanja cha Ndege cha Mtwara kimeboreshwa na barabara yake ya kurukia imefikia urefu wa mita 2,800. Kilizinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, Septemba 2023. Lindi ina kiwanja cha Kikwetu, kaskazini mwa mji. Kilwa Masoko ina kiwanja kidogo, na kisiwa cha Songosongo, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa mwaka 2004, kina kiwanja chake kinachopokea ndege ndogo. Hata hivyo, kwa ndege kubwa za ratiba, mwananchi wa Kilwa hulazimika kwenda Dar es Salaam, au kusafiri zaidi ya kilomita 250 kuelekea kusini hadi Mtwara.

Kiwanja kizuri ni nusu ya huduma. Nusu ya pili ni ndege yenye injini nzima, na hapo ndipo soko la dunia linapoingia.

Abiria wamerudi, ndege hazijatosha

Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilipunguza safari za abiria wa anga duniani kwa takriban theluthi mbili. Mashirika yalisitisha oda, na viwanda vikapunguza uzalishaji na wafanyakazi. Mafundi wengi wenye uzoefu wa miaka mingi walistaafu au walihamia kazi nyingine.

Abiria walirudi kwa kasi kuliko viwanda. Kwa takwimu za Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA), safari za abiria duniani mwaka 2024 zilizidi zile za mwaka 2019 kwa asilimia 3.8. Uzalishaji wa ndege, kinyume chake, ulibaki chini. Mwaka 2018 Airbus ilikabidhi ndege 800 na Boeing ndege 806. Mwaka 2024 Airbus ilikabidhi ndege 766, na Boeing 348 tu.

Boeing ilikuwa na matatizo yake. Tarehe 5 Januari, 2024, kipande cha ubavu wa ndege ya Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kiling'oka angani nchini Marekani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ikaweka ukomo wa ndege 38 za 737 kwa mwezi hadi ubora wa uzalishaji uthibitike. Septemba mwaka huohuo, wafanyakazi wapatao 33,000 wa Boeing waligoma kwa zaidi ya wiki saba.

Matokeo yake ni foleni. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, IATA ilikadiria kuwa ndege takriban 17,000 zilikuwa zimeagizwa na bado hazijakabidhiwa, na kwamba kwa kasi iliyokuwapo ingechukua miaka 14 kuimaliza foleni hiyo. Wastani wa umri wa ndege duniani ulifikia miaka 14.8, kiwango cha juu kuliko wakati wowote uliorekodiwa. Ndege ya zamani hula mafuta mengi zaidi na huhitaji vipuri vingi zaidi. Hivyo uhaba wa ndege mpya huongeza mahitaji ya vipuri vya ndege kuukuu, na mashirika yote hugombea karakana zilezile.

Soko hili lina tabia nyingine inayopaswa kueleweka. Ndege kubwa za abiria hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni mbili tu, na injini zake na kampuni chache. Mnunuzi wa trekta au basi akikosa huduma nzuri huhamia chapa nyingine mwaka unaofuata. Mnunuzi wa ndege hawezi kufanya hivyo kwa urahisi, kwa sababu marubani, mafundi, vipuri na mikataba yake vyote vimefungwa kwenye aina aliyoichagua, na akihama atajikuta nyuma ya foleni nyingine.

Mnyororo mrefu, kiungo kimoja dhaifu

Ndege moja ya abiria ina vipande vinavyohesabika kwa mamia ya maelfu, na ndege kubwa hufikia mamilioni. Vipande hivyo hutoka kwa wazalishaji waliotawanyika katika nchi nyingi. Kiti kikichelewa, ndege iliyokamilika haikabidhiwi. Choo, kioo cha dirisha au waya vikikosekana, matokeo ni yaleyale.

Ugumu zaidi upo kwenye metali. Sehemu za ndani za injini hufanya kazi katika joto kali na mzunguko wa kasi kubwa, hivyo huundwa kwa aloi maalumu zinazosubuliwa na kufuliwa na viwanda vichache sana duniani. Kiwanda kipya cha aina hiyo hakijengwi kwa mwaka mmoja, na kila kipande lazima kiidhinishwe na mamlaka za usalama kabla ya kutumika. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 viliongeza tatizo. Urusi ilikuwa muuzaji mkubwa wa titani, metali nyepesi na imara inayotumika katika injini na magurudumu ya kutulia. Boeing ilisitisha kununua titani ya Urusi mwezi Machi 2022, na wanunuzi wakalazimika kutafuta vyanzo vingine.

Wakazi wa Kilwa wanaweza kuielewa hali hii kwa historia yao wenyewe. Biashara iliyoujenga mji wa Kilwa Kisiwani, unaotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, ilifuata pepo za kaskazi na kusi. Chombo kilichochelewa kupakia kiliukosa upepo, na mwenye mali alisubiri msimu mwingine huku shehena ikikaa ghalani. Injini ya leo ikikosa zamu yake karakanani, hali ni hiyohiyo, isipokuwa msimu wa kusubiri haujulikani mapema.

Injini za Airbus A220

Tanzania ilipokea Airbus A220-300 ya kwanza Desemba 2018, na ATCL ikawa kampuni ya kwanza barani Afrika kutumia aina hiyo. Ya pili ilifika Januari 2019, na nyingine mbili Oktoba 2021. Ndege hiyo, yenye nafasi za abiria 132, inafaa kwa safari za ndani zenye abiria wengi na za nchi jirani. Imebuniwa kwa injini ya aina moja tu, PW1500G ya kampuni ya Pratt & Whitney. Mnunuzi hana injini mbadala ya kuchagua.

Injini za familia hiyo zina gia kati ya feni ya mbele na sehemu ya ndani, ili kila moja izunguke kwa kasi inayoifaa. Ubunifu huo hupunguza matumizi ya mafuta na kelele. Tatizo lililojitokeza ni uimara: injini nyingi zililazimika kuondolewa kwenye ndege na kupelekwa karakanani mapema kuliko mashirika yalivyotarajia. ATCL iliguswa na tatizo hilo, na kuanzia mwaka 2022 baadhi ya A220 zake ziliegeshwa kusubiri injini.

Julai 2023 likaongezeka jambo la pili. Kampuni mama ya Pratt & Whitney, RTX, ilitangaza kuwa unga wa metali uliotumika kutengeneza baadhi ya diski za injini, hasa zile za Airbus A320neo, ulikuwa na uchafu unaoweza kusababisha ufa. Diski zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015 hadi mwaka 2021 zililazimika kukaguliwa, na ukaguzi ukagusa pia injini nyingine za familia hiyo. Injini mamia zikaingia karakanani kwa mkupuo. RTX yenyewe ilikadiria kuwa injini moja ingechukua kati ya siku 250 na 300 tangu kushushwa hadi kurudishwa kwenye bawa.

Kwa kawaida shirika hukopa au kukodi injini ya akiba wakati ya kwake ikitengenezwa. Lakini wote wanapohitaji injini za akiba kwa wakati mmoja, akiba huisha. Shirika la Go First la India liliomba ulinzi wa ufilisi Mei 2023, likitaja injini za Pratt & Whitney kuwa sababu kuu. EgyptAir iliamua kuuza A220 zake zote 12. airBaltic ya Latvia, yenye ndege za A220 pekee, ilitangaza Januari 2025 kufuta maelfu ya safari za msimu wa kiangazi kwa sababu ya ucheleweshaji wa matengenezo ya injini. Tatizo hili, basi, limezigusa kampuni kubwa na ndogo, za nchi tajiri na zinazoendelea.

Ndege za safari fupi nazo zina changamoto yake

Kwa viwanja vya mikoani, farasi wa kazi ni Dash 8-400, maarufu kama Q400, yenye nafasi 76 na injini za pangaboi. Ndege mbili za aina hiyo zilizowasili Septemba 2016 ndizo zilizoanzisha ufufuaji wa ATCL, na ya tano ilifika mwaka 2021. Injini zake ni za aina tofauti na hazihusiki na tatizo la diski.

Hata hivyo, mtengenezaji wake, De Havilland Canada, alisitisha uzalishaji wa ndege mpya za aina hiyo mwaka 2021. Vipuri bado vinatengenezwa na huduma kwa wateja zinaendelea, lakini shirika linalotaka kuongeza Q400 hulazimika kutafuta zilizotumika. Jambo hili lina uzito kwa pwani ya kusini, kwa sababu vituo vyenye abiria wa wastani hujengewa soko na ndege za ukubwa huo. Ndege kubwa ikipelekwa kwenye kituo kidogo huruka na viti vitupu. Ndege ndogo ya abiria kumi na wachache haiwezi kushusha nauli.

Gharama ya ndege isiyoruka

Ndege zinazotumiwa na ATCL zimekuwa zikimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA) na kukodishwa kwa kampuni. Ndege ikiegeshwa, mapato ya tiketi husimama, lakini bima, mishahara ya marubani na mafundi, uhifadhi na majukumu ya ukodishaji havisimami.

Athari hizo zimeonekana katika taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Hasara ya ATCL ilikuwa takriban shilingi bilioni 35 mwaka wa fedha 2021/22, ikafikia shilingi bilioni 56.6 mwaka 2022/23 na shilingi bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Matatizo ya injini za A220 yametajwa miongoni mwa sababu, ingawa si sababu pekee. Fedha hizo ni za umma, hivyo mwananchi ana haki ya kuelezwa sehemu inayotokana na soko la dunia na sehemu inayotokana na maamuzi yanayoweza kurekebishwa nyumbani.

Mojawapo ya maamuzi hayo ni muundo wa kundi la ndege. Boeing 787-8 ya tatu ilipowasili Agosti 2024, ATCL ilikuwa na ndege 16: Q400 tano, Q300 moja, A220 nne, Boeing 737 MAX 9 mbili, Boeing 787-8 tatu na Boeing 767-300F moja ya mizigo. Utofauti huo una faida, kwani tatizo la injini ya aina moja haliwezi kusimamisha kampuni nzima kama ilivyotishia kwa airBaltic. Una gharama pia: kila aina inataka ghala lake la vipuri, mafundi wenye leseni zake na marubani waliofunzwa kwa ajili yake. Kampuni yenye A220 100 hugawa gharama ya injini chache za akiba kwa ndege zote. Yenye nne hubeba mzigo mzito kwa kila ndege.

Kusubiri nako kuna gharama. Serikali ilitangaza ununuzi wa 787-8 moja, 767-300F moja na 737 MAX mbili Novemba 2021. Ya mizigo ilifika Juni 2023, MAX ya kwanza Oktoba 2023 na ya pili Machi 2024, na 787-8 Agosti 2024. Kwa hiyo ndege inayohitajika mwaka fulani huagizwa miaka miwili au mitatu kabla, na foleni ya sasa inaurefusha muda huo.

Kilwa na Lindi wana nini cha kupoteza au kupata

Kwanza ni uvuvi. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa na Mheshimiwa Rais Septemba 2023, imelenga kuongeza thamani ya mazao ya bahari. Pweza wa Songosongo na Somanga, kamba na samaki wa bahari kuu hupata bei nzuri vinapofika sokoni vikiwa vibichi. Ndege ya mizigo ya 767-300F ina uwezo wa kubeba tani 54, lakini hutua kwenye viwanja vikubwa. Ubaridi unaoanzia boti, ghala la barafu, lori na barabara ya Somanga ndio utakaoamua kama samaki wa Kilwa atafika kwenye ndege hiyo.

Pili ni utalii. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi. Mgeni mwenye siku nne nchini hatatumia mbili barabarani, na wakala wa utalii hatauza safari ambayo ratiba yake haiaminiki.

Tatu ni mradi wa kusindika gesi asilia unaokusudiwa kujengwa Likong'o, mkoani Lindi. Ujenzi wa aina hiyo huleta wataalamu na vifaa vya haraka, na mahitaji ya safari hupanda ghafla. Kwa kuwa ndege haziagizwi leo zikafika kesho, mipango ya safari za kusini inapaswa kutangulia ujenzi.

Hatua zinazosaidia

Dawa ya uhaba wa dunia haipo mikononi mwa nchi moja, lakini makali yake yanaweza kupunguzwa. ATCL ina karakana ya matengenezo katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro. Kila ukaguzi unaofanyika nchini huokoa siku za kusubiri zamu nje na fedha za kigeni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kinafundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege, na vijana wa Kilwa, Lindi na Nachingwea wanaosoma sayansi wana nafasi ya kweli katika fani ambayo dunia nzima ina uhaba wa watu.

Mikataba nayo ina nafasi yake. Mnunuzi anaweza kudai injini ya akiba, muda maalumu wa matengenezo na fidia ndege inapokaa kwa kosa la mtengenezaji. Masharti hayo hupatikana kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, mnunuzi huomba tu.

Kwa abiria, jambo la kuzingatia ni kwamba kufutwa kwa safari hakumwondolei haki zake. Atunze tiketi na ujumbe wa mabadiliko, aulize sababu, na awasilishe malalamiko kwanza kwa shirika lililomuuzia tiketi. Asiporidhika, anaweza kufika Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), au kupata ushauri kutoka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Mwenye safari ya matibabu, mtihani au kuunganisha ndege ya nje ajipe siku moja ya ziada pale inapowezekana.

Aidha, wananchi wasiipokee kila ndege iliyoegeshwa kama dalili ya ubovu wa hatari. Injini hushushwa ili isiruke ikiwa na kasoro. Hasara ya fedha inayotokana na uamuzi huo ni kubwa, lakini hurekebishika. Kinachopaswa kuulizwa ni itarudi lini, nani anagharamia, na ndege nyingine itakayohudumia kituo husika ni ipi. Wananchi wa Kilwa na Lindi wakiuliza hayo kupitia madiwani na wabunge wao, na wakajibiwa kwa tarehe na takwimu, watakuwa na msingi mzuri wa kupanga safari zao na biashara zao.